Ukuta Pepe Unapotetemeka: Kutafuta Chanzo Kuanzia Enkoda hadi Mkononi

Anayeshika kalamu ya kifaa cha haptiki, yaani kifaa kinachomfanya mtu ahisi mguso wa vitu vilivyo ndani ya kompyuta, na kuigusisha kwenye ukuta uliojengwa ndani ya kompyuta hutarajia kukutana na kitu kigumu, kilichotulia na kilichonyooka. Badala yake mara nyingi ukuta unanguruma, unanata, unapenyeka, au unamsukuma kwenda pembeni. Wengi wetu tukikutwa na hali hiyo hukimbilia programu na kuanza kupandisha au kushusha ukakamavu wa ukuta mpaka dalili ipungue. Nawaomba wanafunzi na mafundi wanaoanza kazi hii wasianzie hapo. Namba ya ukakamavu ndiyo ya mwisho kuguswa, kwa sababu iko mwisho wa safari ndefu: enkoda (kihisi kilicho kwenye kila kiungo) inahesabu mizunguko, hesabu inageuzwa pembe, pembe zinageuzwa nafasi ya ncha ya kalamu, nafasi inalinganishwa na ukuta, kani inakokotolewa, kisha kani inagawanywa kwa mota za viungo. Yote hayo hufanyika takriban mara 1,000 kwa sekunde. Kosa la mwanzo wa safari hufika mkononi likiwa na sura ya kosa la mwisho.

Ndiyo maana kalibresheni ya roboti, yaani kusahihisha vipimo ambavyo roboti inaamini kuhusu umbo lake, na uigaji wa mguso ni kazi zinazokaa vizuri katika maabara moja. John Hollerbach wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alifanya utafiti wa muda mrefu katika nyanja zote mbili, na mtu akishatumia kifaa cha haptiki kwa umakini huona sababu: kifaa hicho ni roboti ndogo, na roboti isiyojua mkono wake una urefu gani haiwezi kuonyesha ukuta ulionyooka.

Kabla ya yote: vipimo vitatu vya haraka

Fanya hivi hata kama unadhani chanzo unakijua.

Kwanza, weka kalamu mahali pake pa kupumzikia, soma hesabu za enkoda, kisha zungusha mkono wa kifaa kwa nguvu na kwa kasi kila upande kwa muda, uirudishe palepale, usome tena. Namba zikiwa zimehama, kuna hesabu zinazopotea au kebo inateleza kwenye kapi lake, na hakuna kalibresheni itakayokusaidia mpaka tatizo hilo la mitambo au la umeme liondolewe. Enkoda nyingi za vifaa hivi huhesabu mabadiliko tu. Umeme ukizimwa zinasahau zilipokuwa. Kwa sababu hiyo Phantom Omni, ambayo baadaye iliitwa Touch, hutaka kalamu irudishwe kwenye kishimo chake ili ipate sifuri. Aliyewasha kifaa kalamu ikiwa nje ya kishimo, au ikiwa haijazama sawasawa, atafanya kazi siku nzima na sifuri ya uongo.

Pili, chukua mzani wa jikoni wa kidijitali. Simamisha ncha ya kalamu juu yake, weka mzani kwenye sifuri, halafu iamuru programu isukume chini kwa nyutoni 1. Mzani unapaswa kusoma karibu gramu 102. Rudia katika sehemu nne au tano za eneo la kazi. Ukipata 102 katika sehemu moja na 80 katika sehemu nyingine, tatizo lako halipo kwenye ukuta.

Tatu, rekodi muda halisi kati ya mzunguko mmoja wa udhibiti na unaofuata, kwa dakika kadhaa, huku picha ikiwa inachorwa kama kawaida. Chora histogramu. Wastani wa milisekunde 1 haukuambii chochote, tazama mkia. Mizunguko michache ya milisekunde 15 inatosha kuupa ukuta teke.

Dalili: ukuta unanguruma unapoguswa

Hii ndiyo dalili inayojulikana kuliko zote, na hapa nitakaa kidogo.

Ukuta pepe wa kawaida ni springi: ncha ikiingia ndani kwa kina fulani, kani ni ukakamavu mara kina hicho. Springi halisi hurudisha nishati ileile iliyopewa. Springi ya kompyuta hurudisha zaidi. Sababu yake ni kwamba kompyuta inatazama nafasi kwa vipindi, na kati ya kipindi na kipindi kani inabaki ileile. Ncha ikiwa inaingia, kani inayotolewa ni ya nafasi iliyokwisha kupita, yaani ni ndogo kuliko inavyostahili. Ikiwa inatoka, kani ni kubwa kuliko inavyostahili. Kwa wastani ucheleweshaji huo ni nusu ya kipindi. Mkono unasukumwa kidogo wakati wa kuingia na sana wakati wa kutoka, na tofauti hiyo ni nishati mpya iliyozaliwa bila mtu kuiomba. Isipomezwa na kitu, inajikusanya na kuwa mngurumo.

Kinachoimeza ni ukinzani wa asili wa kifaa: mafuta kwenye beringi, mota, na chochote kinachopinga mwendo kadiri kasi inavyoongezeka. Edward Colgate wa Chuo Kikuu cha Northwestern na wenzake waliliweka jambo hili katika sharti fupi miaka ya 1990: ukinzani wa asili lazima uzidi ukakamavu mara nusu ya kipindi, ukijumlisha na ukinzani pepe uliouongeza kwenye programu. Sharti hili linalinda dhidi ya mkono wa aina yoyote, kwa hiyo ni kali kuliko utakavyohitaji siku nyingi, lakini ndilo la kuanzia hesabu.

Tuliwekee namba. Kifaa chenye ukinzani wa asili wa N·s/m 0.5, kikizunguka kila milisekunde 1 bila ukinzani pepe, kinaruhusu ukakamavu wa mpaka N/m 1,000. Kifaa hichohicho kikiendeshwa kwa kasi ya picha, Hz 60, kinaruhusu takriban N/m 60, ambao ni ulaini wa sifongo. Anayekokotoa kani ndani ya uzi uleule (mfululizo uleule wa amri za programu) unaochora picha asitafute sababu nyingine ya mngurumo.

Ucheleweshaji wa njiani ni mbaya zaidi, kwa sababu huo hauhesabiwi nusu, unahesabiwa mzima. Milisekunde 1 ya kusubiri kwenye USB, ikiongezwa juu ya kipindi cha milisekunde 1, inashusha ile N/m 1,000 hadi kama 333. Hapo ndipo histogramu uliyochora inapolipa. Visababishi ninavyovikuta mara kwa mara ni hivi: amri ya kuandika maandishi kwenye skrini ndani ya mzunguko wa udhibiti, kuomba kumbukumbu mpya kila mzunguko, kufuli linaloshirikiwa na uzi wa picha, ambapo haptiki inasubiri mpaka picha imalize, na kuulaza mzunguko kwa kutumia saa ya kawaida ya Windows, ambayo isipobadilishwa hupiga kila milisekunde 15.6. Kufuli liondoe kabisa: uzi wa haptiki uandike hali yake kwenye nakala, uzi wa picha usome nakala hiyo kwa wakati wake.

Muda ukiwa safi na mngurumo ungalipo, hamia kwenye hatua za enkoda, yaani mwendo mdogo kabisa inaoweza kuutambua, na usikilize mngurumo wenyewe. Ukiwa mkubwa, unaokua na kurusha kalamu nje, nishati inazidi kumezwa, kama tulivyoeleza. Ukiwa mdogo, mwembamba, usiokua, kama mchanga chini ya ncha, mara nyingi ni kasi iliyokokotolewa vibaya. Touch hutambua hatua za karibu mm 0.055. Ukipata kasi kwa kutoa nafasi ya sasa na ya milisekunde iliyopita, kasi ndogo kabisa unayoweza kuiona ni mm 55 kwa sekunde. Chini ya hapo ni sifuri au 55, hakuna katikati. Ukiweka ukinzani pepe wa N·s/m 2, kani inarukaruka kwa N 0.11, na ngozi ya kidole, ambayo huhisi vizuri zaidi mitetemo ya karibu Hz 250, haitakosa kuiona.

Watu wengi huchuja kasi hiyo kwa wastani wa sampuli 10. Mchanga unapungua, lakini umejiongezea ucheleweshaji wa karibu milisekunde 5 katika ukinzani wako, na mngurumo mkubwa unarudi kwa mlango wa nyuma. Njia iliyo bora ni dirisha linalobadilika: refu kalamu inapokwenda polepole, fupi inapokwenda kasi. Janabi-Sharifi, Hayward na Chen waliieleza mwaka 2000, na mistari michache ya programu inatosha kuiandika. Na usisahau kwamba katika sharti la Colgate ukinzani pepe uko upande wa hasara. Kuuongeza bila kipimo ili “kutuliza” ukuta mara nyingi ndiko kunakouamsha.

Dalili: ukuta unanata

Ncha inataka kutoka na ukuta unaivuta. Chanzo karibu siku zote ni ukinzani pepe ambao haukuwekewa mpaka: wakati wa kutoka, sehemu ya kasi inazidi sehemu ya springi, na jumla inageuka kuwa ya kuvuta. Ukuta hauvuti. Kani ikitoka hasi, iandike sifuri. Kama kunata kunaendelea baada ya hapo, kagua ishara ya kasi na urefu wa kichujio.

Dalili: ncha inapenya na kutokea upande wa pili

Kila mota ina kikomo. Touch inatoa kama N 3.3 kwa kilele. Kwa ukakamavu wa N/m 1,000, kikomo hicho kinafikiwa ncha ikiwa imezama mm 3.3 tu, kuanzia hapo mkono unashinda. Ikiwa programu inatafuta uso ulio karibu zaidi na ncha, basi kwenye bamba jembamba kuliko mm 6.6 ncha itavuka katikati kabla mota haijafika kikomo, uso wa karibu utakuwa ule wa upande wa pili, na springi itamsukuma mtumiaji atokee huko. Kwenye kona hali ni hiyohiyo: ncha inarukia uso mwingine ghafla.

Kuongeza ukakamavu hakuponyi. Kinachoponya ni kumbukumbu. Zilles na Salisbury walionyesha mwaka 1995, na Ruspini, Kolarov na Khatib wakaendeleza mwaka 1997, kwamba programu inapaswa kushika nukta ya pili, nukta wakili, ambayo haiingii ndani ya kitu kamwe. Ncha halisi ikizama, wakili anabaki juu ya uso pale alipogusa na kuteleza kuifuata. Kani ni springi kati ya hao wawili. Ncha ikipenya hata mpaka upande wa pili, wakili bado yuko upande alioingilia, na kani inamrudisha mtu huko. Ukitumia njia hii na bado unapenya mahali palepale kila mara, tafuta tundu kwenye umbo lenyewe: pembetatu mbili zisizogusana sawasawa, au pembetatu ambayo uso wake umegeuzwa ndani nje.

Dalili: ukuta ulionyooka unahisika umepinda

Sasa tuko kwenye kalibresheni yenyewe. Weka rula ya chuma mezani, pitisha ncha taratibu kando yake, rekodi nafasi. Mstari ukitoka umepinda kwenye data, kifaa hakijui umbo lake.

Mtuhumiwa wa kwanza ni sifuri za viungo. Kosa la digrii 0.1 kwenye kiungo kilicho mm 300 kutoka kwenye ncha ni karibu mm 0.5 kwenye ncha. Linganisha na joto, ambalo watu hulilaumu upesi: mkono wa alumini wa mm 300 ukipata joto kwa digrii 10 unarefuka chini ya mm 0.07. Anza na pembe. Na katika pembe, sifuri ya kiungo cha msingi iache. Kosa lake linazungusha dunia nzima kwa pamoja bila kupinda chochote, na hakuna hesabu itakayolitenganisha na fremu ya msingi. Kosa la kiwiko ndilo linalopinda kuta.

Njia nafuu ya kalibresheni, kama kifaa kinapima viungo vyote 6 ikiwemo mizunguko ya kalamu, ni kuchimba kishimo kidogo kwenye kipande cha chuma, kuizamisha ncha humo, na kuuzungusha mkono katika mikao mingi huku ncha ikibaki palepale. Kila mkao unapaswa kutoa nafasi moja. Tofauti zao ndizo zinazorekebisha vigezo kwa makadirio ya miraba midogo kabisa, yaani kutafuta vigezo vinavyofanya jumla ya miraba ya tofauti hizo iwe ndogo iwezekanavyo. Lakini kuna mtego mkubwa. Mkono wenye urefu sifuri kila kipande nao unatimiza sharti hilo kikamilifu! Pembe peke yake hazina habari ya ukubwa. Chimba vishimo viwili na upime umbali kati yake kwa vernia, au shikilia urefu wa kipande kimoja unaouamini.

Dalili: kalibresheni imefaulu, lakini mikao mipya inakosea

Mabaki, yaani makosa yanayosalia baada ya makadirio, ni madogo kwenye data uliyotumia, makubwa kwenye data nyingine. Hesabu kwanza milinganyo. Mkono wa viungo 6 vya mzunguko, pamoja na fremu ya msingi na ya ncha, una vigezo huru 30. Ukipima nafasi ya ncha kwa kifaa cha nje bila mwelekeo, vigezo 3 vya mwelekeo wa ncha havionekani, vinabaki 27. Kila mkao unatoa milinganyo 3, kwa hiyo mikao 9 ndiyo kiwango cha chini cha kufanya hesabu iwezekane, bila akiba yoyote dhidi ya makosa ya upimaji. Tumia mara kadhaa ya hapo. Hollerbach na Wampler, mwaka 1996, walitoa kielezo kinachohesabu jambo hili kwa kila njia ya kalibresheni, na kabla ya kununua kifuatiliaji cha leza ni vyema kukipigia hesabu kwenye karatasi.

Wingi wa mikao peke yake hautoshi. Mikao 200 yote ikiwa katikati ya eneo la kazi, kiwiko kikiwa kimekunjwa vilevile, ni kama mkao mmoja uliopigwa picha mara 200. Chambua matriksi ya makadirio kwa thamani singula, namba zinazoonyesha data inavyoona kila mchanganyiko wa vigezo: kukiwa na thamani iliyo karibu na sifuri, kuna kigezo, au mchanganyiko wa vigezo, ambao data yako haiuoni, na hesabu inaujaza namba yoyote. Kabla ya kusoma matokeo hayo, weka vigezo kwenye mizani moja. Mita na radiani zikichanganywa bila kusawazishwa, uchambuzi utakudanganya.

Viungo viwili vyenye mihimili sambamba vinahitaji tahadhari ya pekee. Vigezo 4 vya Denavit na Hartenberg, vya mwaka 1955, vinavyoeleza mhimili wa kiungo kimoja ulivyokaa kutoka kwa mwingine, vinategemea mstari mfupi kabisa kati ya mihimili miwili. Mihimili ikiwa sambamba kabisa, mistari hiyo ni mingi isiyo na idadi. Ikitofautiana kidogo mno, mstari huo unaweza kurukia mbali sana. Makadirio yako yatapata umbali wa mita nyingi kwenye mkono wa sentimita 20. Ukiona namba ya namna hiyo, usiiwekee mpaka wa lazima ili ionekane nzuri. Badilisha kielelezo: mtafiti aitwaye Hayati aliongeza mzunguko mdogo kwenye mhimili mwingine kwa ajili ya hali hii hasa.

Dalili: kila kitu kimesawazishwa, na bado ukuta unasukuma mkono pembeni

Hapa pana kosa ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Mtu anafanya kalibresheni nzuri, anaweka vigezo vipya kwenye kanuni ya nafasi, na anasahau Jakobiani, ile inayogeuza kani kuwa kani ya kuzungusha kwenye mota. Jakobiani inabaki na vipimo vya kiwandani. Matokeo yake kifaa kinapima dunia moja na kusukuma katika nyingine, na ukizungusha ncha ndani ya ukuta ukarudi pale ulipoanza, unaweza kupata nishati ambayo hukuitoa. Ukuta unakuwa pampu.

Nitasema kwa uhakika: ni afadhali kielelezo kilekile chenye kosa kitumike pande zote mbili kuliko sahihi upande mmoja na chenye kosa upande wa pili. Kikiwa kilekile, ukuta utakuwa mahali pasipo sahihi na utapinda kidogo, lakini springi yake itabaki springi ya kweli. Jipime hivi: sogeza kila pembe kidogo kwenye kanuni ya nafasi, tazama ncha inavyohama, na ulinganishe na safu husika ya Jakobiani. Zisipolingana kwa tarakimu kadhaa, umepata. Ukiona zinatofautiana kwa mara 57.3, mtu amechanganya digrii na radiani.

Dalili: kani inafifia kadiri kikao kinavyoendelea

Mota zimepata joto. Ukinzani wa waya wa shaba kwa umeme huongezeka kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila digrii moja, kwa hiyo ongezeko la digrii 50 huupandisha kwa karibu asilimia 20. Kama kikuza umeme kinadhibiti volti, mkondo unashuka kwa kama asilimia 16 na kani pamoja nao. Kama kinadhibiti mkondo wenyewe, sababu hii haipo, na utafute kwenye kinga ya joto ya programu ya kifaa. Kalamu inayozama au kupanda ukiiachilia inaonyesha kwamba fidia ya uzito si sahihi: pima kani za mota katika mikao tuli kadhaa na ukadirie uzito wa vipande kwa njia ileile ya miraba midogo.

Dalili: kosa linabadilika kwa kutegemea ulikotokea

Fika kwenye kishimo kutoka kushoto, soma. Fika kutoka kulia, soma. Ikiwa namba mbili hizo zinatofautiana zaidi ya hatua chache za enkoda, kuna ulegevu kwenye gia, kebo iliyolegea, au msuguano unaokunja vipande kati ya enkoda na ncha. Vigezo vya kalibresheni vinaeleza umbo, havijui historia ya mwendo. Makadirio yatachukua wastani wa pande mbili na kukupa mkono ambao haupo. Kaza kebo, kagua skrubu za kapi, rudia kipimo cha pande mbili mpaka tofauti iwe ndani ya hatua chache, ndipo uanze kalibresheni upya kutoka kwenye mkao wa kwanza. Data ya zamani itupe.